Mkopo wa Msimu na Deni Lililosamehewa: Namna ya Kuviingiza kwenye Vitabu vya Kampuni Ndogo

Vitabu vya kampuni ndogo za Mtwara na Lindi huharibika katika sehemu zile zile tatu. Mkopo huandikwa kuwa mapato. Rejesho lote huandikwa kuwa matumizi. Deni likisamehewa, mtu hulifuta kwenye leja (daftari la hesabu) kimyakimya kana kwamba halikuwahi kuwepo. Matokeo yake ni faida ya uongo mwezi wa kukopa, hasara ya uongo mwezi wa kulipa, na mizania (taarifa ya mali na madeni ya kampuni) isiyolingana na karatasi ya mkopeshaji.

Mwongozo huu unahusu mikopo inayotakiwa kuisha ndani ya miezi 12, ile inayochukuliwa kabla ya korosho au ufuta na kulipwa mnada ukishafanyika na fedha zikaanza kuzunguka.

## Andaa hivi kwanza

- Mkataba wa mkopo uliosainiwa na pande zote mbili, pamoja na jedwali la marejesho.
- Muhtasari wa kikao cha wakurugenzi ulioruhusu kukopa.
- Taarifa ya benki ya kampuni, tangu mwezi fedha zilipoingia hadi leo.
- Risiti ya ada ya mkopo, na ya bima ya mkopo kama ilikatwa.
- Barua zote za mkopeshaji: za kudai, za kuongeza muda, za kusamehe.
- Leja, ya karatasi au ya Excel. Programu ya uhasibu si lazima.

Kama mkataba haupo, simama hapo uutafute. Mkaguzi wa kodi akikuta mamilioni yameingia benki bila mkataba, ana haki ya kuuliza kama hayo si mauzo uliyoyaficha.

## Mfano tutakaoutumia

Kampuni ya usafirishaji ya Masasi ina Fuso mbili zinazobeba korosho kutoka maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) hadi ghala kuu. Mwaka wake wa hesabu unaisha 31 Desemba, na haijasajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani).

Tarehe 1 Agosti inakopa Sh 24,000,000 kwa ajili ya matairi na matengenezo ya injini. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio, bila riba juu ya riba. Ada ya mkopo ni asilimia 1, yaani Sh 240,000, na VAT ya asilimia 18 juu ya ada hiyo ni Sh 43,200. Jumla Sh 283,200 inakatwa juu kwa juu.

Marejesho ya mkopo wenyewe ni Sh 8,000,000 tarehe 30 Novemba, 31 Desemba na 31 Januari, na kila rejesho linakuja na riba iliyofikia siku hiyo.

## Hatua ya 1: Hakikisha aliyekopa ni kampuni

Soma jina la mkopaji kwenye mkataba. Mara nyingi mkurugenzi hukopa kwa jina lake, kwa simu au kwenye taasisi ndogo ya fedha, kisha akaingiza fedha kwenye akaunti ya kampuni. Hapo mkopeshaji hana mkataba na kampuni. Kampuni inadaiwa na mkurugenzi, na mkurugenzi anadaiwa na mkopeshaji wake.

Kwa hali hiyo leja ya kampuni isomeke "Mkopo kutoka kwa mkurugenzi", na kuwe na mkataba mfupi kati yake na kampuni unaotaja kiasi, riba kama ipo, na tarehe ya kulipa. Usiandike jina la taasisi iliyomkopesha yeye. Kosa hili huonekana dogo, lakini deni likija kusamehewa ndilo linalovuruga kila kitu, kama utakavyoona hatua ya 8.

## Hatua ya 2: Fungua akaunti zake kwenye leja

Usirundike kila kitu kwenye akaunti moja ya "Mkopo". Unahitaji hizi:

- Mkopo wa muda mfupi (dhima, yaani kitu ambacho kampuni inadaiwa)
- Riba inayodaiwa (dhima)
- Faini inayodaiwa (dhima)
- Ada ya mkopo isiyotumika bado (hupunguza mkopo kwenye mizania)
- Gharama za fedha (matumizi): riba, ada na faini
- Mapato ya msamaha wa deni (mapato mengine)

Ukiwa na mikopo miwili, kila mmoja uwe na ukurasa wake. Wakopeshaji wawili ndani ya ukurasa mmoja hawatenganishiki tena ikifika Januari.

## Hatua ya 3: Ingiza mkopo siku fedha zilipoingia

Taarifa ya benki ya 1 Agosti itaonyesha Sh 23,716,800. Wengi huandika hiyo kuwa ndiyo mkopo. Siyo. Deni ni Sh 24,000,000, maana ndilo utakalolipa. Kumbuka: debiti huongeza mali au matumizi na hupunguza deni; krediti huongeza deni au mapato na hupunguza mali.

Debiti: Benki 23,716,800
Debiti: Ada ya mkopo isiyotumika bado 283,200
Krediti: Mkopo wa muda mfupi 24,000,000

Mapato hayaguswi kabisa. Fedha imeongezeka na deni limeongezeka kwa pamoja, kampuni haijatajirika hata senti moja. Matairi yakinunuliwa kwa fedha hiyo yana vocha yake: yataingia kwenye matengenezo kama kawaida, hata kama fedha ilitoka kwenye mkopo.

Kampuni iliyosajiliwa VAT na yenye risiti halali ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iangalie na mhasibu wake kama ile 43,200 inarudishika kabla ya kuitia kwenye gharama.

Umefanikiwa kama: salio la leja ya mkopo ni sawa na kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, shilingi kwa shilingi.

## Hatua ya 4: Andika riba kila mwisho wa mwezi, hata kama hujalipa

Riba inazaliwa na muda unavyopita. Kusubiri Novemba ndipo uandike riba ya miezi minne kunafanya Agosti, Septemba na Oktoba zionekane na nafuu ambayo haikuwepo. Ukiweka bei ya kubeba gunia kwa kutegemea hesabu hizo, umejikata mwenyewe.

Kwa Agosti: 24,000,000 × asilimia 2 = 480,000.

Debiti: Gharama za fedha (riba) 480,000
Krediti: Riba inayodaiwa 480,000

Ada nayo inagawanywa kwa miezi sita ya mkopo: 283,200 ÷ 6 = 47,200 kila mwezi.

Debiti: Gharama za fedha (ada) 47,200
Krediti: Ada ya mkopo isiyotumika bado 47,200

Viwango vya kimataifa vya kampuni ndogo na za kati, vinavyotumika Tanzania chini ya usimamizi wa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi), vinataka njia ya riba halisi, ambayo hugawa ada kwa kufuata salio. Kwa mkopo wa miezi sita na ada ndogo kama hii, kugawa sawasawa hakuleti tofauti ya maana. Kwa mkopo mkubwa wenye ada nene, mwachie mhasibu apige ile njia kamili.

Tahadhari kuhusu namna riba inavyopigwa. Soma kama ni juu ya salio linalopungua au juu ya mkopo wote hadi mwisho. Kwenye mfano wetu, riba ya salio ni Sh 1,920,000 kwa miezi minne ya kwanza, kisha 320,000, kisha 160,000: jumla Sh 2,400,000. Asilimia 2 hiyo hiyo ikipigwa juu ya mkopo wote kwa miezi sita inakuwa Sh 2,880,000. Asilimia iliyoandikwa ni moja, ila mfukoni zinatoka Sh 480,000 zaidi. Mikopo ya kausha damu hujificha hapa.

## Hatua ya 5: Lipasue rejesho

Tarehe 30 Novemba kampuni inalipa Sh 9,920,000. Hiyo si gharama ya Sh 9,920,000.

Debiti: Riba inayodaiwa 1,920,000
Debiti: Mkopo wa muda mfupi 8,000,000
Krediti: Benki 9,920,000

Hakuna gharama mpya hapa. Riba ya miezi minne ilishaandikwa mwezi kwa mwezi. Salio la mkopo sasa ni 16,000,000.

Malipo yakiwa pungufu, mpangilio wa nani anakula kwanza uko kwenye mkataba. Kawaida ni faini, kisha riba, kisha mkopo wenyewe. Tuseme malipo ya usafirishaji yamechelewa, na 31 Desemba kampuni inaweza kutoa Sh 5,000,000 tu. Riba ya Desemba ni 320,000, kwa hiyo mkopo unapungua kwa 4,680,000. Salio: 11,320,000.

Ukiandika milioni tano zote kuwa zimepunguza mkopo, leja yako itasoma 11,000,000 na ya mkopeshaji 11,320,000. Tofauti hiyo ya 320,000 ndiyo chanzo cha mabishano mengi kaunta, na mara nyingi mkopeshaji ndiye mwenye haki.

Umefanikiwa kama: kila baada ya rejesho unaomba taarifa ya mkopo na salio linalingana na leja yako. Fanya hivyo kila rejesho, usingoje la mwisho.

## Hatua ya 6: Funga 31 Desemba

Mizania ya 31 Desemba ionyeshe, chini ya dhima za muda mfupi:

Mkopo 11,320,000, ukitoa ada isiyotumika bado 47,200 = Sh 11,272,800.

Taarifa ya faida na hasara ionyeshe riba ya miezi mitano, Sh 2,240,000, na ada ya Sh 236,000. Jumla ya gharama za fedha: Sh 2,476,000.

Kama una mkopo mwingine wa miaka miwili au mitatu, uugawe: marejesho ya miezi 12 ijayo yakae kwenye muda mfupi, yaliyobaki kwenye muda mrefu. Ila kuna mtego. Ukiwa umevunja sharti linalompa mkopeshaji haki ya kudai deni lote mara moja, na hadi 31 Desemba hajakupa barua ya kukuvumilia, mkopo wote unahamia muda mfupi. Barua ya Februari haiokoi mizania ya Desemba.

## Hatua ya 7: Kuchelewa, faini na kuongezewa muda

Mkataba wa mfano unatoza faini mara moja tu, asilimia 5 ya kiasi cha kwanza kilichochelewa zaidi ya siku saba. Kilichochelewa Desemba ni 8,320,000 − 5,000,000 = 3,320,000. Faini ni Sh 166,000, na siku ya nane inaangukia Januari, kwa hiyo ni gharama ya mwaka mpya.

Januari na Februari kampuni hailipi kitu. Riba inaendelea: 11,320,000 × asilimia 2 = 226,400 kwa mwezi. Ada ya 47,200 iliyobaki inamalizikia Januari. Ikifika 28 Februari leja inasoma:

Mkopo 11,320,000
Riba inayodaiwa 452,800
Faini inayodaiwa 166,000
Jumla Sh 11,938,800

Kuongezewa muda si kusamehewa. Mkopeshaji akisema "lipa Juni badala ya Januari", deni linabaki lilivyo na riba inaendelea kuandikwa kwa masharti mapya. Masharti yakibadilika sana, kwa mfano muda, riba na kiasi vyote kwa pamoja, mkopo wa zamani hufungwa na mpya kufunguliwa, na tofauti kuingia kwenye faida na hasara. Hapo mwite mhasibu mwenye leseni kabla hujaandika chochote.

## Hatua ya 8: Msamaha, soma barua neno kwa neno

Hapa ndipo pa kutulia. Deni linatoka kwenye vitabu vyako kwa njia tatu tu: limelipwa, limefutwa na mwenye kudai, au haki ya kudai imekwisha kisheria. Maneno ya mdomo ya afisa mikopo, hata kama mmekubaliana vizuri na chai mkanywa, hayamo katika hizo tatu.

Barua inayofaa ina: namba ya mkataba, kiasi chote kinachodaiwa hadi tarehe fulani, kiasi cha kulipa, tarehe ya mwisho ya kulipa, kiasi kinachosamehewa na kama ni cha mkopo, riba au faini, sentensi inayosema wazi kuwa baada ya hapo kampuni haidaiwi tena, na saini ya mwenye mamlaka ya kusamehe. Afisa wa tawi anaweza asiwe na mamlaka hayo. Muulize.

Usidanganywe na haya:

"Tumeliondoa deni lako kwenye vitabu vyetu." Mkopeshaji anaweza kulihamishia deni kwenye madeni mabaya kwa ajili ya hesabu zake, na bado akakudai hadi mahakamani. Kwako linabaki deni.

Ukimya. Miaka miwili bila kupigiwa simu si msamaha. Ukomo wa madai ya mkataba kisheria ni miaka 6, na kulipa kidogo au kukiri deni kwa maandishi kunaweza kuanzisha hesabu upya. Neno la mwanasheria litangulie.

"Ukilipa, tutakusamehe." Huu ni msamaha wenye sharti. Hadi sharti litimie, deni lote linabaki.

Kwenye mfano, barua ya 28 Februari inasema: lipeni Sh 9,500,000 kabla au ifikapo 15 Machi, riba imesimama tangu leo, na Sh 2,438,800 zilizobaki zimesamehewa. Tarehe 28 Februari huandiki kitu. Ikipita 15 Machi hamjalipa, ofa imekufa na riba ya Machi inarudi.

### Aliyesamehe ni nani?

Swali hili ndilo linaloamua msamaha uingie wapi. Kiasi kile kile kinaweza kuwa faida, mtaji, au kisiwe chochote kati ya hivyo.

*Benki, taasisi ya fedha au mtu baki.* Ni mapato mengine kwenye faida na hasara, mstari wake peke yake. Usiuchanganye na mapato ya usafirishaji, kwa sababu msomaji wa hesabu atadhani biashara imekua.

*Mwanahisa anayesamehe kwa nafasi yake ya umiliki.* Huu ni mchango wa mwenye mali na unakwenda kwenye mtaji. Debiti mkopo kutoka kwa mwanahisa, krediti mchango wa wanahisa. Haupiti kwenye faida. Sababu ni rahisi: mmiliki hawezi kuipa kampuni yake faida kwa kujisamehe mwenyewe. Andika muhtasari wa kikao unaoeleza anasamehe kama mmiliki. Akitaka hisa badala ya deni, ni utoaji wa hisa mpya na lazima uwasilishwe BRELA (wakala wa usajili wa kampuni).

Rudi sasa hatua ya 1. Mkurugenzi amekopa kwa jina lake na mkopeshaji wake amemsamehe. Kampuni haijasamehewa kitu. Bado inadaiwa na mkurugenzi hadi naye asamehe kwa maandishi.

*Mradi au mfuko wa serikali uliotoa mkopo unaofutika ukitimiza masharti,* kwa mfano kuajiri watu kadhaa kwa mwaka. Unabaki deni hadi masharti yatimie, kisha unaingia kama ruzuku kwenye mapato.

*Msambazaji wa bidhaa.* Akikupunguzia bei kwa sababu mafuta au vipuri vilikuwa na kasoro, hiyo ni punguzo la gharama ya bidhaa. Akisamehe deni kwa kuona hali yako, ni mapato mengine.

## Hatua ya 9: Ingiza msamaha

Fedha zimelipwa 15 Machi na risiti iko mkononi. Sasa:

Debiti: Mkopo wa muda mfupi 11,320,000
Debiti: Riba inayodaiwa 452,800
Debiti: Faini inayodaiwa 166,000
Krediti: Benki 9,500,000
Krediti: Mapato ya msamaha wa deni 2,438,800

Pande zote mbili Sh 11,938,800.

Usiipunguze riba ya mwaka ili kuufuta msamaha humo ndani. Riba ilikuwa gharama ya kweli, msamaha ni tukio jingine, na vyote vionekane. Usirudi pia kurekebisha Desemba: siku ile kampuni ilikuwa inadaiwa. Kama hesabu za mwaka jana bado hazijasainiwa na kiasi ni kikubwa kwako, taja msamaha kwenye maelezo ya hesabu kama tukio la baada ya mwaka.

Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, zile 2,438,800 hazionekani kabisa. Hakuna shilingi iliyoingia.

Umefanikiwa kama: akaunti zote tatu za dhima ni sifuri, urari (orodha ya masalio yote ya leja) unalingana, na benki haijabadilika kwa zaidi ya 9,500,000.

## Kodi

Msamaha unapandisha faida bila kuleta fedha ya kuilipia kodi. Kiwango cha kodi ya makampuni ni asilimia 30, kwa hiyo Sh 2,438,800 zikiwa ndani ya faida inayotozwa zinazaa kodi ya Sh 731,640. Mpelekee mshauri wa kodi barua ya msamaha mapema, mpitie upya makadirio ya mwaka. Kwa mwaka wa hesabu unaoisha Desemba, awamu za malipo ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Jingine linalosahaulika ni kodi ya zuio. Ukilipa riba kwa mkopeshaji asiye benki wala taasisi ya fedha ya hapa nchini, hata akiwa mkurugenzi wako, unakata asilimia 10. Riba ya Sh 100,000: unampa 90,000, na 10,000 unazipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwenye gharama unaandika 100,000 kamili.

Riba yenyewe inakubalika kama gharama ya kodi pale mkopo ulipotumika kwenye biashara. Ukichota milioni nne kujengea nyumba ya mkurugenzi Nachingwea, riba ya milioni hizo si ya kampuni, na zile milioni nne ni deni la mkurugenzi kwa kampuni.

## Kabla hujafunga faili

Omba barua ya kutodaiwa, kisha fuatilia dhamana: kadi za magari, hati ya kiwanja, na kama dhamana ilisajiliwa BRELA, kusajiliwa kuondolewa kwake. Mkopo unaweza kusoma sifuri kwenye leja huku kadi ya Fuso iko kabatini kwa mkopeshaji, na siku ya kutaka kuiuza ndipo mnagundua. Mkataba, jedwali, risiti, taarifa za benki na barua ya msamaha vikae faili moja kwa miaka 5 au zaidi.